Kupasua Mbao: Mpasuaji, Msumeno na Lugha ya Sheria katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kazi ya kupasua mbao za miti migumu katika Afrika Mashariki kwa kuyachunguza maneno yanayotumiwa na wapasuaji, wafanyabiashara na watunga sheria. Hoja kuu ni kwamba mpasuaji mdogo, anayeugeuza mti mmoja ulioangushwa kuwa kitanda, mlango, benchi au uzio, amekuwapo tangu kabla ya viwanda vya mbao na amebaki baada ya vingi kati ya viwanda hivyo kufa. Hata hivyo, lugha ya sheria imemwachia nafasi mbili tu, ya mvunaji mwenye leseni na ya mhalifu. Pengo hilo linaonekana katika vitenzi, katika vipimo na katika majina ya miti.

Ubao kabla ya msumeno

Katika lugha nyingi za Kibantu zinazozunguka Maziwa Makuu, jina la ubao ni la kurithi. Kiswahili kina ubao na mbao, Kiganda kina olubaawo na embaawo, Kinyarwanda na Kirundi vina urubaho na imbaho. Hakuna hata moja kati ya lugha hizo iliyohitaji kuazima kwa jirani ili kukitaja kitu hicho. Msumeno una historia nyingine. Kiganda huuita omusumeeno, na jina hilo lilipanda kutoka pwani katika msafara mmoja na omusumaali, yaani msumari. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa mwanahistoria ina uzito: watu wa eneo hili walikuwa na mbao muda mrefu kabla ya kupata chombo cha kuzipasulia kwa wingi.

Ushahidi ulio nje ya lugha unakubaliana na jambo hilo. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 BK, unaojulikana kwa jina la Periplus, unazitaja boti za kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki, na boti ya kushonwa haiwezekani bila mbao. Mtepe, chombo ambacho mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za nazi, uliendelea kusafiri katika pwani hiyo hadi karne ya 20. Bara nako, mitumbwi mikubwa ya Buganda katika Ziwa Viktoria ilijengwa kwa mbao zilizoshonwa, na mafundi wake hawakutumia msumeno.

Mbao hizo zilichongwa. Gogo liligawanywa kwa shoka na kabari, kisha kila kipande kikapunguzwa kwa tezo hadi kikawa ubao. Njia hiyo ina faida ambayo fundi yeyote anaielewa: ubao uliogawanywa hufuata nyuzi za mti wenyewe, na kwa hiyo ni imara kuliko uliokatwa kinyume na nyuzi hizo. Lakini iligharimu mti. Shina lililochukua miaka mingi kukua liliishia katika mbao mbili, pengine moja, na sehemu iliyobaki ikawa vibanzi vya kuwashia moto. Milango mizito ya miji ya pwani inafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Upana wa mbao zake ulitangaza utajiri wa mwenye nyumba hata kabla ya nakshi kuongezwa juu yake.

Kitenzi na shamirisho yake

Msumeno ulipofika, Kiswahili hakikuunda kitenzi kipya. Kilichukua pasua, kitenzi ambacho tayari kilitumika kwa kuni, kwa mawe na kwa nguo, na kukiongezea kazi. Jambo linalovutia ni shamirisho. Mtu anaweza kusema anapasua gogo, lakini wapasuaji wenyewe husema kupasua mbao, na mbao ni kitu ambacho bado hakipo wakati kazi inaanza. Ni muundo uleule wa kuchimba kisima, kufinyanga chungu na kupika ugali: kinachotajwa ni kile kitakachopatikana. Kwa wazungumzaji, basi, kazi hii ilihesabiwa miongoni mwa kazi za kuumba. Mpasuaji alikaa pamoja na mfinyanzi na mhunzi.

Kiswahili cha Kongo, hasa cha Katanga, kimehifadhi umbo la kale zaidi la kitenzi hicho, kupasula, kama kilivyohifadhi kufungula. Umbo linatofautiana, lakini kazi ni ileile.

Sheria za misitu za eneo hili zilichagua kitenzi kingine. Katika nyaraka za Tanzania, ambayo ndiyo nchi iliyozalisha maandishi mengi zaidi ya kiserikali kwa Kiswahili, mti hauangushwi wala haupasuliwi, unavunwa. Yapo mazao ya misitu, uvunaji na leseni ya uvunaji. Kuvuna ni kitenzi cha mkulima, na anayevuna kwa kawaida ndiye aliyepanda. Kwa mashamba ya serikali ya misonobari na misaji, sitiari hiyo inafaa. Kwa mvule uliojiotea wenyewe pembezoni mwa shamba la mzee wa kijiji, haifai hata kidogo, na hapo ndipo kutoelewana kunapoanza. Kitenzi kuvuna humaliza kazi pale mti unapoanguka. Kwa mpasuaji, mti ulioanguka ndio mwanzo wa kazi.

Kuna hasara nyingine iliyotokea kimyakimya. Leo msomaji akikutana na neno mpasuaji peke yake, atamfikiria daktari aliye katika chumba cha upasuaji. Mpasuaji wa mbao amelazimika kuongeza maneno ili atambulike katika lugha yake mwenyewe.

Shimo

Msumeno mrefu wa watu wawili ulienea bara katika robo ya mwisho ya karne ya 19 na miongo iliyofuata, kupitia vituo vya wamisionari, mafundi wa pwani na baadaye idara za ujenzi za wakoloni. Alexander Mackay, mhandisi wa shirika la wamisionari wa Kianglikana aliyefika Buganda mwaka 1878, ni mfano unaojulikana. Mwaka 1882 Kabaka Muteesa alimpa kazi ya kutengeneza majeneza ya mama yake, Namasole Muganzirwazza. Yalikuwa majeneza yaliyowekwa moja ndani ya jingine, na la nje lilikuwa na ukubwa wa chumba. Kabla ya hapo Mackay alikuwa mgeni mwenye dini yake. Kazi hiyo ya mbao ilimfanya fundi aliyezungumziwa katika ikulu yote.

Utaratibu wa shimo haukubadilika sana kwa miaka mia moja. Mti huangushwa, matawi huondolewa, na gogo hubiringishwa hadi juu ya shimo lililochimbwa karibu nalo. Mahali penye mteremko, jukwaa la miti hutumika badala ya shimo refu. Gome huondolewa. Uzi uliochovywa katika maji ya mkaa hunyooshwa kutoka ncha moja hadi nyingine, huvutwa kidogo na kuachiwa, na kwa pigo hilo mstari mweusi hubaki juu ya gogo. Mpasuaji wa juu husimama juu ya gogo na kuuongoza msumeno katika mstari. Wa chini huvuta, na unga wote wa mbao humwangukia usoni. Kabari huingizwa katika ufa ili mbao zisiubane msumeno. Jioni meno hunolewa kwa tupa, na hupindwa kidogo, moja kushoto na jingine kulia, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bapa lake.

Gogo haliendi popote, na hilo ndilo jambo la kuzingatia katika maelezo hayo. Shimo huchimbwa pale mti ulipoanguka, na zinazotoka msituni ni mbao, zikibebwa kichwani au begani. Hakuna barabara ya trekta wala miti midogo iliyolazwa ili magogo yapite. Mabanzi, yaani vipande vya nje vyenye gome upande mmoja, hubaki kwa mwenye shamba, naye huyatumia kujengea banda la kuku, kuzungushia kitalu cha miche au kuzibia ukuta wa jiko. Historia ya mabanzi haijaandikwa, ingawa sehemu kubwa ya uzio na vibanda vya vijijini imejengwa kwayo.

Viwanda na kurudi kwa mpasuaji

Dola za kikoloni hazikuvutiwa na shimo. Zilitaka kinu. Katika Milima ya Usambara, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya waya kutoka Neu-Hornow, eneo la Shume, hadi Mkumbara kwenye reli, ili kuteremsha mierezi iliyopasuliwa juu mlimani. Uganda, msitu wa Budongo ukawa chanzo kikuu cha mbao za mkangazi na jamaa zake kwa viwanda vilivyofuata. Kumbukumbu za idara za misitu za enzi hiyo zinahesabu uzalishaji wa viwanda kwa uangalifu. Wapasuaji wa shimo hutajwa humo kwa ushuru wanaolipa au kwa makosa yao.

Mwaka 1972 jambo hilo liligeuka ghafla nchini Uganda. Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao walimiliki na kuendesha viwanda vingi vya mbao. Vipuri vilikosekana na uzalishaji ukaporomoka, lakini Waganda hawakuacha kujenga nyumba wala kuzika wafu wao. Mbao zilizotumika zilitoka mashimoni. Kufikia miaka ya 1980 upasuaji wa mkono ulikuwa umeenea katika misitu mingi ya nchi hiyo, ukiwamo Bwindi, ambao mwaka 1991 ulifanywa Hifadhi ya Taifa na wapasuaji wakaondolewa. Kwa uhifadhi, uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito: spishi chache zenye thamani zilikuwa zimekatwa mno. Kwa historia ya kazi, unaonyesha kwamba mtu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amelibeba soko la mbao la nchi nzima hakuwa na jina katika mpango uliofuata.

Usambara Mashariki ilipata somo tofauti. Huko, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kiwanda cha umma cha mbao kiliungwa mkono na misaada ya Finland, na mitambo ikaingia katika misitu ya milimani yenye spishi zisizopatikana kwingineko duniani. Ukosoaji ukawa mkubwa na uvunaji huo wa mitambo ukasimamishwa katikati ya muongo wa 1980. Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa. Athari za mitambo na za shimo hazifanani, lakini vyote viwili viliingia katika maandishi chini ya neno moja, ukataji miti.

Kisha ikaja chenso. Tanzania huiita hivyo, au msumeno wa mnyororo inapoandikwa rasmi. Wengi wa Kenya na Uganda huiita pawa. Imefanya kazi ya siku kadhaa kuwa ya asubuhi moja na kumwondoa mtu wa chini katika shimo. Imeleta pia upotevu ambao msumeno wa mkono haukuujua. Njia yake ndani ya mti ina upana wa milimita 8 au zaidi. Kwa mbao za unene wa inchi moja, ambayo ni takribani milimita 25, kila mikato mitatu hugeuza ubao mzima kuwa unga. Ikiongozwa kwa jicho peke yake, bila fremu ya chuma ya kuishikilia katika mstari, ubao hutoka mnene ncha moja na mwembamba ncha nyingine, na seremala hulazimika kuupiga randa hadi unene wa kweli upungue tena. Fremu hiyo si ghali ikilinganishwa na chenso yenyewe. Inayokosekana ni huduma ya kumfundisha mtu kuitumia, na ni vigumu kwa serikali kumfundisha mtu ambaye haijamkubali kisheria.

Ghana inatoa mfano wa kuangalia kwa makini. Kanuni za mwaka 1998 zilipiga marufuku kupasua kwa chenso mbao za kuuza. Miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya mbao katika soko la ndani la nchi hiyo iliendelea kutoka kwenye chenso hizohizo, safari hii bila ushuru wala takwimu. Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, kwanza kwa siku 90, na hali hiyo ikaendelea hadi 2023. Katika miaka hiyo mbao zilitafutwa zaidi katika mashamba ya watu binafsi na ng'ambo ya mipaka. Mahitaji ya mbao yalihama, na wapasuaji wakahama nayo.

Futi, inchi na mita za ujazo

Nchi za Afrika Mashariki zilihamia vipimo vya metriki baada ya uhuru. Mbao hazikuhama. Kuanzia Mbeya hadi Kampala mteja bado huagiza mbili kwa nne, mbili kwa sita au moja kwa nane, na urefu hutajwa kwa futi. Ni mojawapo ya maeneo machache ya maisha ya kila siku ambamo kipimo cha Kiingereza kimejichimbia ndani ya Kiswahili hadi wazungumzaji hawakioni tena kuwa cha kigeni.

Leseni na ushuru, kwa upande mwingine, huhesabiwa kwa mita za ujazo. Kati ya lugha hizo mbili hakuna daraja lililoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ingawa hesabu yenyewe ni fupi. Ubao wa mbili kwa sita wenye futi 12 una ujazo wa futi moja kamili. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35 na sehemu kidogo. Kwa hiyo mbao 35 za aina hiyo ni mita moja ya ujazo, na za mbili kwa nne zenye urefu uleule ni karibu 53. Jedwali la mistari sita la namna hii, likibandikwa katika kituo cha ukaguzi, lingeondoa mabishano mengi. Lisipokuwapo, anayejua kukokotoa ni mkaguzi peke yake, na mpasuaji hulipa anachoambiwa. Suala la rushwa barabarani hujadiliwa kama suala la maadili, na ni sawa, lakini sehemu yake ni suala la tafsiri.

Ipo pia tofauti ya kupima kabla na baada. Gogo likipimwa kabla ya kupasuliwa na mbao zikapimwa baadaye, ujazo wa pili huwa mdogo sana kuliko wa kwanza, kwa sababu ya mabanzi, unga na kasoro za mti. Kanuni isiyosema wazi ni ujazo upi unaotozwa humwadhibu aliye mbali na kinu.

Majina ya miti yanayovuka mipaka

Mbao za mashariki mwa Kongo huingia Uganda na kuendelea hadi Nairobi na Juba, na zinabeba majina yao. Mvule wa Watanzania na muvule wa Waganda ni mti mmoja, ambao wanabotania huuita Milicia excelsa. Biashara ya Afrika Magharibi huujua kama iroko, na ile ya Kongo kama kambala. Mkongo wa Tanzania bara ni mbambakofi kwa watu wengi wa pwani. Mninga, ulioipa Tabora sifa ya samani, hauna jina moja hata ndani ya Tanzania. Afisa wa forodha aliyepewa orodha yenye majina ya Kilatini, dereva mwenye karatasi ya Kifaransa na mnunuzi anayejua jina la sokoni tu wanaweza kusimama mbele ya lori moja na kila mmoja akawa mkweli, huku karatasi zao zikipingana.

Jambo hilo lina matokeo ya kisheria. Sheria za kikoloni, na zilizozirithi, ziliweka orodha za miti iliyohifadhiwa, ambayo kuikata kunahitaji kibali hata nje ya msitu wa serikali. Mkulima aliyeurithi mti pamoja na shamba huuona kuwa mali ya ukoo, na jina analoujua huenda halimo katika orodha hiyo. Akiuangusha mfenesi au mwembe uliozeeka, hakuna anayemuuliza. Akiuangusha mvule ili apate milango miwili na kitanda cha mwanawe anayeoa, amekuwa mhalifu katika lugha ambayo hakuwahi kuisoma.

Nafasi ya istilahi

Sheria kuu za misitu zinazotumika sasa zilitungwa karibu kwa wakati mmoja: Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2002, Uganda 2003, Kenya 2005 na tena 2016. Zote zilitungwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Tangu hapo hali ya lugha imebadilika: Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiswahili kimepewa hadhi rasmi katika Jumuiya, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar ikiwa na jukumu la kuratibu kazi za namna hii. Tafsiri za sheria hizo zitahitajika. Hatari iliyopo ni kwamba zitatafsiriwa kutoka mezani, neno kwa neno, na kitenzi kuvuna kitasambazwa katika nchi ambazo bado hazijakizoea.

Njia iliyo bora ni kuanzia kwa wapasuaji. Tofauti kati ya mwenye kiwanda, mpasuaji wa kukodiwa anayezunguka na chenso yake, na mkulima anayepasua mti wake kwa matumizi ya nyumbani ipo tayari katika mazungumzo ya vijijini. Inahitaji kuingizwa katika vifungu vya tafsiri ya maneno, kila mmoja na kibali kinacholingana na kazi yake. Orodha ya miti iliyohifadhiwa inapaswa kuchapishwa ikiwa na majina ya Kiswahili ya nchi zote pamoja na ya lugha za maeneo husika. Vipimo vya futi na inchi viandikwe kando ya metriki badala ya kupuuzwa.

Kazi ya kukusanya maneno haiwezi kungoja mikutano mingi. Msumeno wa watu wawili umeanza kuonekana ukutani kama pambo, na wanaojua kila sehemu yake inaitwaje, kila hatua ya kulilaza gogo juu ya shimo inaitwaje, na wa juu alimwambia nini wa chini pindi mstari ulipopotea, wengi wao ni wazee wa umri wa kustaafu katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, magharibi mwa Uganda na Ituri.